Uzi: Mgonjwa amerudi nyumbani na mpira wa kulishia puani. Tusaidiane

NyarAhero

Habari za jioni wadau. Mama mkwe alipata kiharusi, ametoka hospitali juzi akiwa na mpira uliopitishwa puani hadi tumboni kwa sababu hawezi kumeza. Wodini sista ndiye alikuwa anamlisha. Siku ya kuruhusiwa nikaonyeshwa mara moja tu, watu wamepanga foleni nyuma yangu, nikapewa sirinji mbili kubwa na tarehe ya kliniki. Sasa tuko Ahero, mume wangu yuko kazini Mombasa, na saa ya chakula ikifika mikono inatetemeka.

Nina maswali matatu. Nitajuaje mpira bado uko tumboni? Naweza kumpitishia uji wa wimbi? Na dawa zake za presha na za kifafa nisage zote pamoja? Shemeji anasema nichovye ncha ya nje kwenye gilasi ya maji, nikiona mapovu basi uko kwenye mapafu. Kuuliza si ujinga.

OmwamiWaKakamega

Pole sana dada. Sisi tulipokuwa na mzee tulionyeshwa kusukuma hewa na sirinji huku mwenzako ameweka sikio tumboni. Ukisikia guruguru, endelea. Haina gharama yoyote.

SistaKondele

NyarAhero, pole kwa uguzi. Mimi ni muuguzi, wodi za Kisumu nazijua, na siku hizi nahudumia wagonjwa majumbani. Naanza na swali lako la kwanza na nitakaa hapo kidogo, kwa sababu hayo mengine yanalitegemea. Uji ukiwa mzito mpira utaziba, utakasirika, utapanda matatu urudi hospitali. Uji ukiingia mapafuni unaweza kumpoteza mama. Kwa hiyo hakuna kitu kinachopita humo, hata maji ya dawa, kabla hujahakikisha ncha iko tumboni. Si asubuhi tu, ni kila mlo, na pia baada ya kutapika au kukohoa sana.

Ndugu OmwamiWaKakamega, usiniwie vibaya, lakini hilo la kusikiliza hewa tuliache. Hata sisi wauguzi wengi tulifundishwa hivyo chuoni na bado utaliona likifanywa. Shida ni kwamba sauti husafiri. Hewa ikiingia pafuni, au ikiishia kwenye umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni), ukiweka sikio tumboni bado utasikia guruguru. Uingereza walitoa onyo la nchi nzima dhidi ya njia hiyo mwaka 2005, baada ya vifo vya wagonjwa ambao mipira yao ilikuwa imeingia pasipofaa. Na ya gilasi ya maji ni yale yale: tumbo nalo lina gesi na hutoa mapovu, na mpira uliokwama kwenye ukuta wa njia ya hewa unaweza usitoe povu hata moja. Tena mgonjwa akivuta pumzi anaweza kuyavuta hayo maji.

Usitegemee pia kwamba angekohoa. Wa kiharusi mara nyingi koo limekufa ganzi, chakula kinaingia njia ya hewa na yeye ametulia tu anakuangalia.

Sasa cha kufanya. Mpira wake siku ya kuwekwa ulipimwa kuanzia ncha ya pua hadi ndewe ya sikio, kisha hadi kwenye chembe cha moyo. Mipira mingi ina alama au namba za sentimita. Soma iliyo mlangoni pa tundu la pua, iandike kwenye karatasi uibandike ukutani, na pale pale kwenye mpira piga mstari kwa kalamu isiyofutika. Kabla ya kila mlo angalia mstari huo kwanza. Ukiwa umesogea nje, simama hapo hapo. Usiusukume urudi. Halafu mwambie afungue kinywa, mulika na tochi ya simu: wakati mwingine mstari uko mahali pake na mpira umejikunja nyuma ya ulimi.

Baada ya hapo vuta polepole na ile sirinji ya mililita 60 upate majimaji kidogo tu, hata nusu mililita inatosha. Dondosha kwenye karatasi ya kupimia asidi, ile yenye namba za pH. Ikisoma 5.5 au chini yake, hiyo ni asidi ya tumbo, lisha. Karatasi za litmasi, zile za nyekundu na buluu tu, hazitoshi. Na vijiti vya kupimia mkojo havikutengenezwa kwa kazi hii hata kama mtu wa chemisti atakuambia ni kitu kimoja.

NyarAhero

Asante sista. Nimejaribu kuvuta, hakuna kitu kinachokuja. Hata tone.

SistaKondele

Hutokea sana, usiogope. Mara nyingi ncha imegusa ukuta wa tumbo. Mlaze kwa ubavu wa kushoto, subiri dakika 15 hadi 30, vuta tena. Bado? Sukuma hewa kama mililita 10 au 20 kisha uvute. Hapa hewa ni ya kuibandua ncha, si ya kusikiliza. Ukimsafisha kinywa wakati unasubiri pia husaidia, maana tumbo huanza kutoa asidi.

Kuna mambo mawili yatakayokuchanganya. Kama amelishwa muda mfupi uliopita, chakula kimeizimua asidi, kwa hiyo pima angalau saa moja baada ya mlo. Na kama anapewa omeprazo au dawa nyingine za vidonda vya tumbo, namba inaweza kupanda juu ya 5.5 hata mpira ukiwa mahali pake. Hilo mwulize daktari mapema, mkubaliane namba yake ya kawaida ni ipi. Nje ya hapo, ukikosa majimaji au namba ikikataa, humlishi. Unarudi hospitali, na eksirei ya kifua ndiyo inayokata mzizi wa fitina. Kukosa mlo mmoja hakumdhuru kama uji mapafuni. Ila kama ni mgonjwa wa sukari na yuko kwa dawa au insulini, usingoje kesho, sukari itashuka.

Karatasi za pH waulize wodini siku ya kliniki kabla ya kuzunguka mjini. Ukiambiwa hazipo, uliza maswali mpaka upewe mpango wa kueleweka. Rangi ya majimaji peke yake si ushahidi.

MwalimuVihiga

Uzi mzuri huu. Naongezea: mpira wa mama yetu uliziba tukamwagia soda, ile nyeusi, ukafunguka. Jirani yangu naye alitumia waya mwembamba wa baiskeli.

SistaKondele

Mwalimu, huyo wa waya Mungu alimwonea huruma. Waya hutoboa mpira na kinachofuata ni kutoboa umio. Hata soda siipendi: asidi yake ikikutana na maziwa au yai hugandisha, leo unafungua, kesho umejenga ukuta. Maji ya uvuguvugu ndiyo dawa. Vuta kilichobaki, weka maji kidogo na sirinji kubwa, yaache robo saa, kisha sukuma na kuvuta taratibu kama mtu anayepiga pampu bila haraka. Usikimbilie sirinji ndogo ukidhani ina nguvu zaidi. Ndiyo, ina nguvu zaidi, na ndiyo sababu hupasua mpira. Ikikataa, ubadilishwe.

Lakini mpira unaosafishwa mara nyingi hauzibi kirahisi. Mililita 30 za maji safi ya kuchemsha yaliyopoa kabla ya chakula, 30 baada yake, na hata usipomlisha pitisha maji kila baada ya saa chache mchana. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo maji yake yahesabiwe na daktari.

NyarAhero

Na uji sasa?

SistaKondele

Uji wa wimbi unapita, ila si ule tunaoujua wa kikombe. Adui ni makapi. Pika mwepesi, uchuje mara mbili kwa kichujio cha chai, na uangalie mpira wako ni saizi gani. Namba ile ukiigawanya kwa 3 unapata milimita za nje: saizi 16 ni milimita 5 na kidogo, tundu la ndani ni dogo zaidi. Saizi 8 haifiki hata milimita 3, hiyo usijaribu uji wa nyumbani bila kuongea na mtaalamu wa lishe.

Sasa hapa ndipo familia nyingi huku kwetu hukwama. Kwa kuogopa kuziba, mtu anapika uji wa maji matupu, mgonjwa anajaa tumbo, na baada ya wiki chache mifupa imetokeza na vidonda vya mgongoni vimeanza. Uji huo lazima ubebe kitu. Maziwa, yai lililochemshwa likaiva kabisa, siagi ya karanga iliyo laini, parachichi, kijiko cha mafuta, vyote vipite kwenye blenda kisha kichujio. Unga wa omena ni chakula kizuri sana lakini hutuama chini ya sirinji, kwa mpira mdogo niliuacha. Kiasi gani na mara ngapi, mtaalamu wa lishe wa kliniki apange. Watu wazima wengi hupewa mililita 200 hadi 300 kila baada ya saa 3 au 4. Kama alikuwa hajala siku nyingi kabla ya mpira kuwekwa, usimshindilie siku za kwanza ukidhani unafidia. Mwili uliokaa na njaa ukifurikwa ghafla, chumvi za damu huvurugika na moyo unaweza kupata shida.

Joto la Ahero unalijua. Chakula kilichosagwa kisikae mezani zaidi ya saa 2. Kwenye friji saa 24, na kama stima imepotea usiku kucha, mwaga. Cha friji kipashe kwa kuweka chombo ndani ya maji ya moto, kiwe vuguvugu, usikipeleke baridi tumboni.

MfamasiaNax

Niingilie kwa upande wa dawa, niko Nakuru. NyarAhero, tafadhali usisage zote pamoja na usizichanganye kwenye uji. Kila dawa peke yake: isage iwe vumbi, koroga kwenye maji kama mililita 15 hadi 30, pitisha, fuata na maji mililita 10 au 15, ndipo uje na nyingine. Mwishoni mililita 30.

Kubwa zaidi: si kila kidonge husagwa. Angalia jina kwenye pakiti. Likiishia na herufi kama SR, XR, MR au neno retard, hicho kimetengenezwa kiachie dawa polepole kutwa nzima. Ukikisaga, dozi ya siku nzima inaingia kwa mkupuo. Nifedipini ya aina hiyo ikisagwa inaweza kuishusha presha ghafla, na kwa mtu aliyetoka kupata kiharusi hilo ni balaa. Amlodipini ya kawaida haina shida hiyo. Vidonge vilivyopakwa ganda la kuvuka tumbo, kama aspirini ya aina fulani, navyo visisagwe, kuna aina nyingine badala yake. Chembechembe za omeprazo za ndani ya kapsuli zikisagwa zinaharibika, zikiachwa nzima zinaziba mpira.

Umetaja kifafa. Ni fenitoini?

NyarAhero

Ndiyo daktari, ni hiyo. Na tangu tufike nyumbani ameshikwa tena, mara moja, jana usiku. Nimekuwa nikimpa pamoja na uji ili isimkerekete.

MfamasiaNax

Basi piga simu hospitali leo, usingoje tarehe ya kliniki, na ikimshika tena zaidi ya dakika 5 au mfululizo, mpeleke moja kwa moja. Fenitoini ikikutana na chakula cha mpira hufyonzwa kidogo sana. Kawaida chakula husimamishwa saa 1 hadi 2 kabla na baada ya dawa, na ratiba ya milo hupangwa upya kuizunguka. Wanaweza kumpima kiwango cha dawa kwenye damu au kumbadilishia. Usiongeze dozi mwenyewe.

Na mkiwa chemisti yoyote, maneno ya kwanza yawe: "Dawa hii inapita kwenye mpira." Ukisema hivyo tutatafuta ya maji kama ipo. Usiposema, utapewa kidonge kama wengine wote.

KijanaWaBahati

Niaje wasee. Sisi ni mtoto, alizaliwa kabla ya wakati hapa Nax (Nakuru), amerudi nyumbani na kampira kadogo, saizi 6. Wife anakamua maziwa. Haya ya mililita 30 za maji ni ya mtoto pia?

SistaKondele

Hapana ndugu! Vipimo vyote hapo juu ni vya watu wazima. Mtoto mchanga husafishiwa mpira kwa maji kidogo mno, mililita 1 au 2 hivi, kwa kiasi mlichoandikiwa na kitengo cha watoto, na hewa ya kuibandua ncha pia ni kidogo sana. Kanuni ya pH ni ile ile. Maziwa yashuke yenyewe, usisukume. Mama amshike kifuani ngozi kwa ngozi wakati maziwa yanashuka. Akigeuka buluu mdomoni, akikohoa au akiacha kupumua vizuri, shusha sirinji, kunja mpira, simamisha kila kitu na mkimbie hospitali. Plasta ya watoto isiwe ile ya kunata sana, ngozi yao huchunika. Na vidole vyake vifunikwe, watoto ndio mabingwa wa kung'oa.

OmwamiWaKakamega

Sista nimekubali kuhusu hewa. Sasa swali langu. Mzee wetu ana saratani ya umio, hata mate yanapita kwa shida. Kijana mmoja wa kliniki ya mtaani alitaka kumpitishia mpira nyumbani kwa ada kidogo.

SistaKondele

Msikubali. Saratani ya umio huku kwetu magharibi na Bonde la Ufa tunaiona sana, na mpira unaolazimishwa mahali palipozibwa na uvimbe unaweza kutoboa. Mzee anahitaji hospitali yenye kamera ya kuangalia ndani. Tenwek kule Bomet wana uzoefu wa miaka mingi wa kuweka stenti za umio, yaani vibomba vinavyoiweka wazi njia ya chakula, na Eldoret kuna hospitali ya rufaa ya Moi. Kuna pia mpira unaowekwa moja kwa moja tumboni kupitia ngozi, na huo hata wa kiharusi huzungumziwa ikiwa kumeza hakujarudi baada ya wiki 4 hadi 6. NyarAhero, hilo liulize kliniki bila aibu. Mpira wa pua si wa kuishi nao mwaka mzima.

Na kwa mtu yeyote: aliyeumia kichwa kwenye ajali ya boda, usoni au fuvu limevunjika, mpira haupitishwi puani kwa kubahatisha.

MwalimuVihiga

Wa mama yetu walituambia ubadilishwe kila wiki, wa jirani ukakaa zaidi ya mwezi. Nani alidanganywa?

SistaKondele

Hakuna aliyedanganywa, ni malighafi. Ile ya plastiki ya PVC, migumu kidogo, asidi ya tumbo huikausha ikawa kama tawi, ndiyo maana hubadilishwa baada ya siku 7 hivi. Ya silikoni au poliyurethani ni laini na hukaa wiki 4 hadi 6. Soma pakiti, au mwombe muuguzi akuandikie aina na tarehe. Ukibadilishwa, wahamie tundu lile jingine la pua, upande huu upumzike. Kila siku toa plasta, osha pua, kausha, bandika upya ukiusogeza mpira usikandamize ukingo wa tundu. Nimeona pua zimeliwa kidonda kwa plasta iliyosahaulika.

Kinywa chake nacho kipigwe mswaki asubuhi na jioni, hata kama hali chochote kwa mdomo. Bakteria wa kinywa kichafu huteremka na mate mpaka mapafuni, nimonia inaanzia hapo.

NyarAhero

Mama anaomba supu ya samaki, ngege. Anaashiria kwa mkono, majirani wanasema namtesa. Kijiko kimoja tu?

SistaKondele

Najua inauma, na majirani hawatakuwepo usiku akianza kubanwa kifua. Asipewe mpaka apimwe kumeza. Uliza kliniki tathmini hiyo ifanywe, wapo wengi ambao kumeza hurudi baada ya wiki kadhaa. Kwa sasa loweka pamba kwenye maji, kamua ikauke kabisa, umpanguse midomo. Supu yenyewe ichuje vizuri, ondoa kila mwiba, apitishiwe kwenye mpira pamoja na viazi vilivyosagwa. Hataonja, lakini harufu ataipata, na wengine huridhika.

Anapolishwa aketi, kichwa na kifua viinuke nyuzi 30 hadi 45, mito iwe imara upande uliolegea, na abaki hivyo nusu saa hadi saa nzima. Daipa na kumgeuza fanya kabla. Toa fimbo ya sirinji, kunja mpira kwa vidole ili hewa isiingie, mimina, achia. Ukiinua sirinji chakula hukimbia, ukishusha hupunguza mwendo. Mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Akitapika, tumbo likifura, joto la mwili likipanda, sauti ikiwa ya maji maji, pumzi zikienda mbio, au ukivuta damu au majimaji meusi, acha kulisha, mpeleke.

NyarAhero

Jameni asanteni. Nimepiga simu, wamesema tuende Kisumu kesho kwa ajili ya kifafa. Asubuhi ya leo mstari wangu wa kalamu ulikuwa umetoka nje karibu upana wa vidole vinne, alijikuna usiku. Sikumlisha, nimeubandika ulivyo. Sukari hana. Lakini kwenye matatu nafanyaje?

SistaKondele

Umefanya sawasawa. Usingoje kesho sasa, nenda leo. Mpira uliotoka hivyo haupitishi chakula wala dawa, na hawezi kukaa mpaka kesho bila dawa ya kifafa. Ukifika waambie hilo kabla ya kitu kingine, pamoja na saa ya dozi ya mwisho.

Njiani hakikisha kofia ya mpira imefungwa, upitishe nyuma ya sikio na uubandike shavuni, sehemu inayoning'inia ibane kwenye nguo begani kwa pini, pini ishike plasta isiguse mpira wenyewe. Mkono wake usiolegea uvae soksi. Mketishe wima, dirishani. Beba sirinji, plasta, karatasi ya namba na pakiti zote za dawa. Kofia ikipotea, kunja ncha ya mpira mara mbili uifunge kwa rababendi, na usipitishe hata maji mpaka muuguzi aangalie.